Kilo Kumi na Moja Zilizozidi

Hebu niambie, wewe ungefanya nini kama mumeo, mtu ambaye maishani mwake hajaongeza hata punje kwenye hesabu, angesimama mbele ya mtu baki na kutaja uzito ambao unajua kabisa si wa kweli?

Mama Turubai hakufanya kitu. Alifungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena kama anayetafuta leso, na leso yenyewe ilikuwa mkononi.

"Elfu mbili mia tano na kumi na moja," mumewe alikuwa amesema. "Kilo."

Walikuwa kwenye yadi ya matela, saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuchoma mabati ya uzio. Mwenye yadi alikuwa mtu mnene wa maneno mepesi, na watu walimwita Bwana Rahisi, kwa sababu kila ulichomuuliza kwake kilikuwa rahisi. Breki? Rahisi tu. Vipuri? Rahisi, mama yangu. Kulipeleka mpaka nyumbani? Hilo ndilo rahisi kuliko yote.

"Tani mbili na nusu, basi," alisema Bwana Rahisi.

"Na kilo kumi na moja," alisema mumewe, Fundi.

Hapo ndipo kitu kilipomchoma Mama Turubai chini ya mbavu, pale ambapo wasiwasi hupenda kukaa. Maana uzito wa ile mashua waliyokuja kuitafutia tela yeye aliujua. Aliujua kama anavyoujua upana wa mabega ya mumewe.

Nieleze alivyoujua. Fundi alikuwa ameijenga ile mashua kwa miaka tisa kwenye banda nyuma ya nyumba, mita nane na nusu kwa urefu, na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna fundi mwingine aliyeufuata. Hakuna ubao uliopigiliwa kabla ya kupanda kwenye mizani, ile mizani kubwa ya kupimia magunia aliyoinunua kuukuu. Ubao ukishapimwa, uzito wake uliandikwa ukutani kwa penseli. Misumari aliipima kwa boksi. Rangi aliipima kopo likiwa limejaa, akapaka, akalipima kopo tupu, akaandika kilichobaki mashuani. Miaka ya kwanza mkewe alimcheka. "Jasho lako je, hulipimi?" Miaka iliyofuata aliacha kumcheka, kwa sababu Fundi ni mtu asiye na maneno, na ule ukuta ukawa mahali pekee ambapo mtu angeweza kujua siku yake ilikwendaje.

Mama Turubai alikuwa akiusoma. Akipeleka chai bandani, macho yake yalipita ukutani kwanza. Yeye mwenyewe ni mshonaji wa maturubai, ya malori na ya maduka, hata lile la kuifunika mashua ni yeye aliyelishona, na mtu wa kushona huhesabu hata akiwa amelala. Mwezi uliopita Fundi alijumlisha ukuta mzima, akapiga mistari miwili chini yake: 2,140. Mkewe alijumlisha kivyake mgongoni mwa bahasha, akapata vilevile.

Na jambo moja la ule ukuta lilikuwa limekaa kooni mwake tangu siku ya kwanza. Mstari wa juu kabisa, ulioandikwa hata kabla ya mkuku, uti wa mgongo wa mashua, kulazwa, ulisema: *Mimi, 70.* Alipousoma siku ile alitabasamu, akasubiri mstari wa pili. Mstari wa pili ulisema: *Mkuku, 164.*

Miaka tisa. Mbao, misumari, injini, nanga, hata ndoo ya kutekea maji. Yeye hakuandikwa. Na ndani ya mashua kulikuwa na chumba, na ndani ya chumba nafasi ya kitanda kipana, na juu ya nafasi hiyo rafu yenye ndoana mbili za vikombe. Aliwahi kumuuliza, ikishaingia majini ni nini kitafuata? Fundi akapuliza vumbi la msumeno mikononi. "Ikishaingia majini mambo yatajulikana."

Sasa zilikuwa zimezidi kilo mia tatu sabini na moja. Alizihesabu palepale, amesimama juu ya changarawe. Mia tatu sabini na moja za nani?

"Twende na hili la kwanza," alikuwa akisema Bwana Rahisi.

La kwanza lilikuwa na ekseli moja. Fundi hata hakulikaribia. Alilitazama kwa mbali kama mtu anayetazama kiti cha mtoto.

La pili lilikuwa la buluu, ekseli mbili, rangi inang'aa mpaka unajiona. Lilikuwa na winchi mpya, taa za nyuma, na magogo mawili marefu yaliyovishwa zulia ili tumbo la mashua lisikwaruzwe. Ubavuni palikuwa na kibati kilichogongwa uzito linaoweza kubeba: kilo 2,500.

"Hili limekuja kama vile limeambiwa mnakuja," alisema Bwana Rahisi. "Mama, unaonaje?"

"Naona linatosha," alisema Mama Turubai, makusudi, huku akimtazama mumewe pembeni. "Tena linabaki na nafasi. Au vipi, baba?"

Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya kibati. "Halitoshi."

"Halitoshi kwa kiasi gani?"

"Kilo kumi na moja."

Bwana Rahisi alicheka mpaka tumbo likacheza. "Mzee, kilo kumi na moja ni nini? Ni mfuko wa unga na kitoweo chake! Mvua ikinyesha tu maji yatakayotuama humo ndani yanazidi hizo."

"Ni kilo kumi na moja," alisema Fundi, akasimama na kupangusa magoti.

Mama Turubai hakucheka. Mashua ya kilo 2,140 ingekaa juu ya lile tela la buluu raha mustarehe. Mwanamume anayelikataa ana mzigo mwingine wa kupakia, mzigo asioutaja. Lakini kwa kuwa alikuwa amekasirika na hana pa kuitolea hasira, akaimwagia kwenye tela. Aliinama akaanza kulipapasa, chuma kwa chuma, kama anavyopapasa turubai lililoletwa kutiwa kiraka. Pale chasisi ilipokutana na mkono wa kukokotea, kidole chake kilisimama.

"Hapa pameshonwa upya," alisema.

"Pamechomelewa, mama. Chuma hakishonwi."

"Mimi najua mshono. Huu wa upande wa pili una mapindo madogo madogo, yamelingana, ya mtu aliyetulia. Huu wa hapa una mabonge. Mtu alikuwa na haraka, halafu akamwaga rangi juu yake." Akatoa mkasi kwenye mkoba, akakwangua kidogo. Rangi ilitoka kama ganda la yai, na chini yake ukaonekana ufa mwembamba, una kutu, umetambaa kuupita mchomeleo mpaka nje.

Bwana Rahisi aliutazama ufa kama vile wamemletea wao. "Hiyo ni rahisi kurekebisha."

"Mashua ya miaka tisa ikidondoka njiani, nayo itakuwa rahisi kurekebisha?"

Fundi alimtazama mkewe, na machoni mwake palikuwa na kitu kama furaha, lakini kilipita upesi. Kisha akageuka akalielekea tela la tatu, lililokuwa peke yake kwenye kona.

Lilikuwa baya, tuseme ukweli. Ekseli tatu, chuma kinene cha rangi ya majivu kilichochovywa zinki, hakuna rangi, hakuna mapambo, na badala ya magogo lilikuwa na safu za roli nyeusi za mpira ambazo mashua ingeteleza juu yake. Kibati chake: kilo 4,000. Fundi alilizunguka mara mbili. Akalala chali chini yake, shati jeupe na vyote, akagonga springi moja baada ya nyingine kwa spana na kusikiliza. Kila moja ililia sauti ileile.

"Hilo ni kubwa mno kwenu, mzee," alisema Bwana Rahisi, ambaye bado alikuwa na matumaini na lile la buluu. "Hilo ni la mtu anayehama nyumba."

Fundi, chini kule, alikohoa.

Alikohoa! Mama Turubai alikisikia kile kikohozi njia nzima ya kurudi nyumbani. Hakikuwa cha vumbi. Cha vumbi huja mara mbili tatu. Kile kilikuja mara moja, kikakatwa. Fundi aliomba apewe mpaka kesho mchana kuamua, na ndani ya pikapu ya jirani waliyoazima hawakusemezana, isipokuwa kwenye mzunguko wa sokoni aliposema, "Umeona vizuri ule ufa." Naye akajibu, "Mimi naona mengi."

Walipofika, shemeji yake alikuwa ameshakaa barazani.

Huyu shemeji, mdogo wake Fundi, alikuwa karani wa shule mpaka alipostaafu, na jina lake la utani lilikuwa Redio, kwa sababu ukimwasha hazimiki. Anaanza na bei ya vitunguu, anamaliza na ndoa za watu wa mtaa wa tatu, bila kumeza mate. Lakini hii ilikuwa mara yake ya nne kuja ndani ya wiki tatu, na mara zote tatu za mwanzo alikunywa chai, akamtazama Mama Turubai, akafungua mdomo, akaufunga, akasema joto limezidi, akaaga. Redio kuzimika yenyewe si jambo la kawaida. Nyumba nyingine wangeita daktari.

"Shemeji, habari za huko?" alisema Redio, akasimama haraka mno.

"Huko ni wapi?"

"Huko... mlikotoka."

"Nani alikuambia tumetoka?"

Redio alimtazama kaka yake. Kaka yake alitazama viatu vyake.

"Joto limezidi," alisema Redio.

"Limezidi kweli," alisema Mama Turubai. "Na mengine yamezidi pia. Haya, naenda kuteleka maji ya chai."

Hakwenda kuteleka maji. Alipitia mlango wa jikoni, akazunguka nyuma chini ya kamba ya nguo, akaingia bandani. Alitaka kuujumlisha ukuta upya, mstari kwa mstari, pengine alikosea, pengine kuna ukurasa, maana kwake ule ukuta ulikuwa kitabu, ambao hakuuona. Mashua ilijaza banda zima. Kati ya ubavu wake na ukuta palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu, na humo ndimo alimojipenyeza, bahasha mkononi, penseli ya chaki ya kushonea sikioni.

*Mimi, 70. Mkuku, 164.* Akaanza. Alikuwa amefika kwenye mstari wa mbavu za mashua za upande wa kulia aliposikia nyayo za watu wawili zikija uani.

Sijui ni shetani gani alimwambia, lakini aliusukuma mlango ukajifunga. Ule mlango haukuwahi kufungwa mchana. Ulifunguka kwa ndani, ukaegemea ukuta, na Fundi aliukazia jiwe uwe wazi ili apate mwanga. Mama Turubai alilivuta jiwe kwa mguu, akaufunga polepole, akaweka sikio kwenye ubao. Wale wawili walisimama kwenye pipa la maji, hatua tano hivi.

"Umemwambia?" Sauti ya Fundi.

"Nilianza, kaka. Akanitazama."

"Wiki tatu unaanza."

"Wewe hujui anavyotazama. Leo amenitazama mpaka nikasahau nimekuja kufanya nini."

"Kesho natakiwa nijibu la tela. Nikishalichukua lile kubwa ataniuliza la nini. Lazima awe ameshajua."

"Sasa mwambie mwenyewe!"

Fundi: "Siwezi."

Mama Turubai aliyarudia maneno yale moyoni. Lazima awe ameshajua. Basi ni kweli. Kuna mwanamke mwingine, ana vitu vyake, ana uzito wake, kilo mia tatu sabini na moja yeye na masanduku yake, na tela kubwa linatafutwa kwa ajili yake, na shemeji, yule yule aliyekula chakula chake miaka yote hii, ndiye aliyetumwa kulisema. Alijigeuza, akauegemeza mgongo kwenye mashua. Na hapo, kwa vile mashua ilikuwa nyuma na mlango ukiwa mbele ya uso wake, mwanga ukipenya kwenye matundu ya misumari ya mabati, aliona kwamba upande wa ndani wa mlango nao umeandikwa.

Maandishi ya Fundi, penseli ileile. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

*Cherehani ya chuma na miguu yake, 46.*
*Meza ya kukatia, 38.*
*Majora ya turubai, 60.*
*Kitanda chetu na godoro, 58.*
*Sanduku lake la nguo, 27.*
*Vyombo, 31.*
*Jiko na mtungi, 20.*
*Yeye, 91.*

Chini yake mistari miwili. 371.

Alisoma tena. Alisoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Cherehani ya chuma na miguu yake ilikuwa moja tu duniani, na ilikuwa imesimama chumbani kwake wakati ule ule, na kitambaa cha mteja bado kiko chini ya sindano. Aliipimaje? Akakumbuka msiba wa binamu yake kijijini, siku nne alizokuwa hayupo, na aliporudi alikuta cherehani imekaa upande kidogo. Alimlaumu paka.

Kisha macho yakarudi kwenye mstari wa mwisho, na joto jingine kabisa likampanda.

Aliufungua mlango kwa nguvu mpaka ukagonga ukuta. Redio aliruka, akapiga teke ndoo. Fundi alibaki ameshika ukingo wa pipa.

"Tisini na moja?" alisema Mama Turubai.

Wale wawili walitazamana.

"Nauliza. Mimi nina kilo tisini na moja?"

"Mizani ndiyo iliyosema," alisema Fundi kwa sauti ndogo.

"Ulinipima lini?"

"Siku ile... wakati wa mvua. Ulikuwa unanisaidia kuhamisha. Nilikuambia pita hapa juu."

"Nilikuwa nimebeba jora la turubai begani! Jora la kilo ishirini na tano! Na hilo jora umeliandika tena huku juu, kwenye sitini. Umelihesabu mara mbili. Miaka tisa unapima misumari kwa boksi, halafu mke wako unampima na mzigo?"

Midomo ya Fundi ilitembea, akitoa ishirini na tano kwenye jumla. "Elfu mbili mia nne themanini na sita," alisema. "Lile la buluu lingetosha."

"Lile la buluu lina ufa."

"Ndiyo. Lina ufa."

"Na tena, mtu mwenye akili hanunui tela linalotosha kilo kwa kilo. Na tena, mimi nitapanda tela? Unataka kunikokota barabarani nimekaa ndani ya mashua, napungia watu mkono?"

Redio alicheka, akaacha alipoona amecheka peke yake. "Shemeji, ngoja nikueleze. Hili jambo lilianza hivi—"

"Wewe nyamaza. Miaka thelathini na nne iliyopita ulikuja kwetu umevaa koti la kuazima, ukakaa kwa mjomba wangu, ukasema kaka yako amenipenda. Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Kaka yako alikuwa wapi?"

"Nje," alisema Redio. "Anashika baiskeli."

"Anashika baiskeli. Na leo?" Akamgeukia mumewe. "Leo unashika pipa."

Fundi aliliachia pipa. Mikono ikawa haina pa kukaa, akaitia mifukoni, akaitoa. Aliutazama mlango kana kwamba ungemsaidia.

"Si umesoma," alisema.

"Nimesoma. Nimesoma ule ukuta miaka tisa, nimekuona wewe, na mkuku, na nanga, na ndoo. Leo asubuhi nilikuwa nakuona unahama na mwanamke mwingine wa kilo mia tatu. Kusoma nimechoka. Kwa nini uliniandika nyuma ya mlango?"

"Ukutani ni vya hakika," alisema Fundi. "Ubao nikiupima najua utakwenda. Wewe sikujua."

Maji yaliyomwagika kwenye ndoo yalikuwa yamefika kwenye viatu vya Redio, naye hakuthubutu kusogea.

"Basi uliza," alisema Mama Turubai.

"Lile tela kubwa lina roli nzuri. Ekseli tatu, hata gurudumu moja likipasuka—"

"Sikukuuliza tela."

"Chumbani nimeacha nafasi. Upande wa dirisha. Mita moja na robo, cherehani inaingia na kiti chake. Nilipima kwa—"

"Baba."

Fundi alisogea hatua moja kutoka kwenye pipa, halafu nyingine, akasimama mbele ya mkewe karibu kabisa, bila kalamu, bila futi, bila mdogo wake katikati.

"Nilitaka," alisema, "tangu ule ubao wa kwanza nilitaka tukaishi majini, mimi na wewe. Sitaki kwenda peke yangu. Utakuja?"